Kabla Hujahesabu Mrabaha

Mkataba wa kwanza ukifika mezani, jicho la mwandishi hukimbilia namba moja: asilimia ya mrabaha. Akiona 10 anaridhika, akiona 12 anafurahi, akiona 8 ananuna. Lakini namba hiyo haisemi lolote mpaka ujue ni asilimia kumi ya nini. Tuchukue mfano wa riwaya inayouzwa dukani kwa shilingi 15,000 za Tanzania. Duka halinunui kwa bei hiyo. Linapewa punguzo, tuseme la asilimia 35, kwa hiyo kinachomfikia mchapishaji ni shilingi 9,750. Mkataba ukisema mrabaha ni asilimia kumi ya bei ya dukani, kila nakala inakuletea 1,500. Ukisema ni asilimia kumi ya mapato halisi ya mchapishaji, inakuletea 975. Zikiuzwa nakala elfu moja kwa miaka miwili, na kwa riwaya ya Kiswahili isiyosomwa shuleni hayo si mauzo ya kudharau, hesabu ya kwanza inatoa 1,500,000 na ya pili 975,000. Humo humo inakatwa kodi ya zuio, ambayo kwa mrabaha ni asilimia 15 Tanzania, na asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya. Kwa hesabu ya pili, mwandishi wa Tanzania anabaki na 828,750. Zigawe kwa miezi 24 ambayo kitabu kilikuwa sokoni, unapata kama shilingi 34,500 kwa mwezi. Ukijumlisha na miaka miwili uliyoitumia kuandika na kusahihisha, zinashuka hadi 17,000 na ushei.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hesabu hiyo. Anayetarajia kitabu kimlishe amekosea aina ya kitu alichonacho. Kitabu kilichochapishwa ni mali, na ni mali inayofanana na mnazi: hupandwa leo, huanza kuzaa baada ya miaka, huzaa kidogo kidogo, na ukitunzwa humpita umri aliyeupanda. Mtu wa Pwani aliyepanda minazi haachi kwenda kuvua. Kwa hiyo mwandishi ana kazi mbili za kifedha, na zote zinaanza kabla kitabu hakijatoka: ahakikishe anaendelea kula wakati mali yake inakua, na ahakikishe mali hiyo inabaki yake. Wengi wanaosema uandishi haulipi wameshindwa katika moja ya kazi hizi mbili, na naamini mara nyingi ni ya pili.

Utasikia hoja kwamba shida hii ni yetu sisi, kwa kuwa watu wetu hawanunui vitabu, na kwamba wenzetu wa nchi tajiri wanaishi kwa kalamu. Ushahidi unakataa. Uingereza ina maduka ya vitabu, maktaba za umma, na lugha inayosomwa dunia nzima. Shirika la ALCS, linalowakusanyia waandishi wa huko malipo ya matumizi ya kazi zao, lilitoa utafiti mwaka 2022 kuhusu watu ambao uandishi ndiyo kazi yao kuu. Mwandishi wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wanampita na nusu wako chini yake, alipata pauni 7,000 kwa mwaka kutokana na kalamu. Mwaka 2006 mtu wa nafasi hiyo hiyo alipata pauni 12,330. Fedha hizo hazitoshi kumweka mtu mjini London, na hawa ndio waliojitoa kabisa kwa kazi hiyo. Soko kubwa huwatajirisha wachache sana na kuwaacha walio wengi karibu na pale tulipo sisi. Tofauti ya ukubwa wa soko ipo, lakini asili ya mapato ya kitabu ni ile ile.

Tazama pia waliotujengea fasihi yenyewe. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha, na sehemu kubwa ya kazi zake aliziandika akiwa mtumishi wa mshahara. Euphrase Kezilahabi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Botswana. Said Ahmed Mohamed alianza kama mwalimu na baadaye akawa profesa Bayreuth, Ujerumani. Ken Walibora alikuwa mtangazaji na mhadhiri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu mwaka 2017. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, yenye krona milioni 10 za Uswidi, ilimkuta ana miaka 72 na riwaya kumi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, kwa hiyo ilipita miaka 34 kabla ya fedha hizo kufika, na kwa mingi ya miaka hiyo aliyemlipa kila mwisho wa mwezi alikuwa chuo. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeweza kuitwa mwandishi wa muda wa ziada. Basi usiione ajira yako kama ushahidi kwamba umeshindwa uandishi. Ndiyo njia ambayo riwaya na ushairi wetu vimepitia kwa karibu karne nzima.

Najua jibu la mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, akakaa kwenye foleni ya magari kwa saa mbili, kisha akaambiwa aandike. Ajira inakula muda, na muda ndio malighafi ya kwanza ya mwandishi. Hilo ni kweli na halina dawa kamili. Ila pima upande wa pili. Mwandishi anayesubiri mrabaha ili alipe kodi ya nyumba atasaini chochote kinacholetwa. Atauza mswada wote kwa fedha taslimu kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada. Mwenye mshahara, duka, shamba au bodaboda mbili barabarani anaweza kusema, nipeni wiki mbili nisome, kisha akarudi na maswali. Kwa maana hiyo kazi ya mchana hukupa chakula na hukupa pia uwezo wa kukataa, na uwezo wa kukataa ndio unaolinda mali. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua kazi ambayo haikuchoshi maneno. Mwandishi wa habari anayetoa taarifa tano kwa siku huenda akafika nyumbani hana sentensi iliyobaki, ilhali mhasibu au fundi anafika akiwa na kiu nazo. Na jambo moja la kisheria: kazi uliyoiandika kama sehemu ya majukumu ya ajira kwa kawaida huwa ya mwajiri. Mwalimu, mhadhiri au mtangazaji anayeandika riwaya afanye hivyo nje ya saa za kazi, kwa kompyuta yake mwenyewe, na kama mkataba wake wa ajira una utata, aombe barua inayosema wazi kwamba riwaya si mali ya ofisi.

Pingamizi zito zaidi ni la shule. Utaulizwa: vipi kuhusu waandishi ambao riwaya zao zimeteuliwa kutahiniwa? Hapa kuna fedha za kweli, na anayekataa anadanganya. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, sasa wanakaribia milioni moja kwa mwaka, Kiswahili wanakifanya karibu wote, na wanaokifanya husoma riwaya ile ile. Kidagaa Kimemwozea ya Walibora ilipita njia hiyo, ikafuatwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Hakuna duka linaloweza kukupa wasomaji wa namna hiyo. Lakini tazama mlango ulivyo mwembamba. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, huchagua riwaya moja, tamthilia moja na diwani moja ya hadithi fupi, zikakaa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa. Miswada yote mingine mizuri ya miaka hiyo inabaki nje, na ubora si kitu pekee kinachopimwa, kwa kuwa maudhui, umri wa wanafunzi na mahitaji ya mtaala navyo vinahesabiwa.

Halafu mlango huo hufungwa. Darasa la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na baada yake shule za upili za juu zina mtaala mwingine na vitabu vyake. Mwandishi aliyezoea mrabaha wa kitabu teule kana kwamba ni pensheni atajikuta mwaka mmoja ana cheki nene na mwaka unaofuata ana bahasha yenye karatasi tu. Pia bei si ile ya dukani. Tangu 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikinunua vitabu vya shule moja kwa moja kwa wachapishaji, badala ya kuzipa shule fedha zijinunulie, na kwa wingi huo bei ya nakala hushuka sana. Malipo nayo huchelewa: wachapishaji wa Kenya wamelalamika hadharani kuwa wanaidai serikali mabilioni ya shilingi, na katika foleni hiyo mwandishi anasimama nyuma ya mchapishaji, mpiga chapa na benki.

Tanzania mlango ni mwembamba kwa namna nyingine. Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama N'tilie vimekaa kwenye orodha ya sekondari kwa miaka mingi kiasi kwamba wazazi na watoto wao wamejibu maswali yale yale. Kwa waliomo ni neema ndefu. Kwa mwandishi mpya ni ukuta. Vitabu vya kiada navyo, ambavyo tangu mapema miaka ya 1990 vilikuwa vimeachiwa wachapishaji binafsi, vilirudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania baada ya kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, kuvunjwa mwaka 2013. Msomaji wa kawaida haoni uhusiano wa jambo hilo na riwaya yake, lakini upo. Kitabu cha hesabu cha darasa la tano ndicho kilichokuwa kikilipa gharama za riwaya ambayo mchapishaji alijua itauzwa polepole. Kilipoondoka, ujasiri wa kuchapa fasihi ulipungua pamoja nacho. Mchapishaji anayekujibu kwamba hana bajeti ya riwaya mpya mwaka huu mara nyingi hakuchukii wala hajakataa kipaji chako.

Kwa hiyo soko la shule litendee kama mvua kubwa: tengeneza mitaro, lakini usijenge nyumba kwa kuitegemea. Mitaro yenyewe inachimbwa kwenye mkataba. Tafuta kifungu kinachozungumzia mauzo ya jumla au mauzo yenye punguzo kubwa. Mikataba mingi hushusha mrabaha, wakati mwingine kwa nusu, pale punguzo linapopita kiwango fulani, na mauzo ya serikali ndiyo yanayopita kiwango hicho. Kifungu hicho kinaweza kuwa hakina maana yoyote kwa nakala elfu moja za dukani, kikawa kila kitu kwa nakala laki tatu za shule. Jadili kabla ya kusaini, kwa sababu siku kitabu kinapoteuliwa hakuna atakayekubali kukifungua tena kifungu hicho. Na bahati ikikuangukia, chukua fedha za mwaka wa kwanza uzigeuze kitu kinachobaki: kiwanja, hisa, hati fungani, ada iliyolipwa mbele. Hakuna riwaya iliyoteuliwa milele.

Tuje sasa kwenye mkataba wenyewe, maana hapa ndipo mali inapopotea. Kosa kubwa kuliko yote ni kuuza mswada moja kwa moja, yaani kupokea fedha mara moja na kuachia hakimiliki yote. Anayefanya hivyo ana hoja inayoeleweka: heri shilingi milioni moja leo kuliko mrabaha wa kubahatisha. Kama ni sura mbili za kitabu cha kiada, au hadithi fupi ya shirika la afya itakayogawiwa bure kwa mwaka mmoja, hoja hiyo naikubali, kwa sababu kazi hizo zina maisha mafupi. Kwa riwaya siikubali hata kidogo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999. Miaka 22 baadaye, 2021, Amil Shivji aliitengenezea filamu iliyooneshwa kwenye tamasha la Toronto. Nani mwaka 1999 angeweza kuketi mezani na kuiwekea bei filamu hiyo? Anayeuza hakimiliki yote anauza vitu ambavyo bado havijazaliwa, na hulipwa kana kwamba havitazaliwa kamwe.

Basi soma mkataba ukiuliza ni haki zipi hasa unazitoa. Mchapishaji anahitaji haki ya kuchapa na kuuza kitabu cha karatasi kwa Kiswahili katika nchi anazoweza kuzifikia. Hana sababu ya kuchukua filamu, tafsiri, redio, kitabu cha kusikiliza na kitabu pepe kama hana idara wala mpango wa kuzitumia. Akisisitiza kuzichukua, sema mtagawana, na taja sehemu yako kwa tarakimu, na weka muda ambao zisipotumiwa zinakurudia. Weka pia kifungu cha kitabu kilichokwisha: ikiwa hakuna nakala sokoni kwa muda fulani, mathalani mwaka mmoja na nusu, na mchapishaji ameandikiwa asichape, haki zote zirudi kwako bila malipo. Kifungu hiki watu hukipuuza kwa sababu wanasaini siku ya furaha. Wachapishaji nao hufa au kugawanyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa na wakoloni miaka ya 1940 lilisambaratika nayo, na upande wa Kenya ukawa Kenya Literature Bureau. Mchapishaji akifunga milango huku bado ameshika haki zako, kitabu chako kinafungiwa humo.

Tarehe nazo ni fedha. Mkataba useme taarifa ya mauzo italetwa lini kila mwaka, itaonesha nini, na malipo yatafuata ndani ya siku ngapi. Taarifa inayosema tu jumla ya mrabaha haitoshi. Inapaswa kuonesha nakala zilizochapwa, zilizouzwa, zilizogawiwa bure na zilizobaki stoo. Ukiwa na namba hizo nne unaweza kukagua mwenyewe, kwa kuwa jumla ya tatu za mwisho lazima ilingane na ya kwanza. Omba pia haki ya kutuma mhasibu kukagua vitabu vya hesabu, angalau mara moja kwa mwaka. Hutaitumia mara nyingi, lakini ikiwepo, taarifa huandikwa kwa uangalifu zaidi. Kama umepewa malipo ya awali, kumbuka hiyo si zawadi. Hukatwa kwenye mrabaha mpaka iishe, na mkataba useme kwamba isipotimia hutadaiwa kuirudisha.

Kuna wanaosema, baada ya kusoma haya, kwamba mchapishaji ni mnyonyaji na dawa ni kujichapishia. Tuwe waadilifu. Katika zile shilingi 9,750 za mfano wetu, mchapishaji analipa uhariri, usanifu, karatasi, kiwanda, usafirishaji, stoo na nakala zitakazokaa miaka bila mnunuzi. Kenya iliongeza mzigo mwaka 2013 ilipoanza kutoza vitabu VAT ya asilimia 16. Kujichapishia hakuondoi gharama hizi. Kunazihamishia mfukoni mwako. Tuseme kiwanda kinakuchapia nakala elfu moja kwa 5,000 kila moja, na mhariri, msomaji prufu na msanifu wa jalada wanachukua milioni moja na nusu. Umeshatoa 6,500,000. Ukiuza kupitia maduka kwa 9,750 unahitaji kuuza nakala 667 ndipo urudishe mtaji. Ukiuza mkono kwa mkono kwa 15,000 unahitaji 434. Baada ya hapo faida ni yako, na kwa nakala ni kubwa kuliko mrabaha wowote. Kabla ya hapo ni mtaji uliolala uvunguni mwa kitanda. Ongeza desturi ya mali kauli, ambapo duka linachukua vitabu leo na kulipa vikiuzwa: unaweza kuwa umeuza nakala 300 Mwanza na hujaona shilingi, kwa sababu nauli ya kwenda kudai inazidi deni.

Hata hivyo njia hii imewahi kufanya kazi, na inafaa kuuliza ilifanya kazi kwa nani. Elvis Musiba, mwandishi wa Kikosi cha Kisasi, alikuwa pia mfanyabiashara. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers. Eric Shigongo aliziweka hadithi zake katika magazeti yake mwenyewe, msomaji akarudi kila toleo kutafuta kilichoendelea. Wote watatu walijua mapema jambo ambalo wengi wanaojichapishia leo hawajaliona: walikuwa wanaingia katika biashara ya usambazaji, na uandishi ulikuwa bidhaa ya biashara hiyo. Kama unaipenda kazi ya kubeba maboksi, kufuata madeni, kuongea na wakuu wa shule na kujibu ujumbe wa mteja saa nne usiku, jichapishie bila hofu, hasa kama tayari una wasikilizaji kanisani, msikitini, redioni au mitandaoni ambao wanaweza kulipa kwa M-Pesa na kutumiwa kitabu kwa basi. Kama huipendi, asilimia kumi ya mchapishaji makini ni bei ya haki kwa kazi ambayo usingeifanya. Na vyovyote utakavyoamua, chapa nakala chache kwanza. Punguzo la kiwanda kwa nakala elfu tatu limewazamisha wengi.

Uharamia siwezi kuupitia kwa urefu, ila lazima uingizwe kwenye hesabu. Kitabu kikipendwa shuleni kitatolewa fotokopi kwenye stationery ya jirani na kitatumwa kama PDF kwenye makundi ya WhatsApp, na hutashinda kwa kulia. Sajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA ukiwa Tanzania Bara, KECOBO ukiwa Kenya, au COSOZA ukiwa Zanzibar, ili ukifika polisi uwe na karatasi. Kenya kuna pia KOPIKEN, inayotoza taasisi kwa ajili ya kunakili na kugawia wenye haki. Kujiandikisha ni kazi ya siku moja na wengi hawajaifanya. Bei nzuri na upatikanaji mzuri vinaua nakala bandia nyingi kuliko onyo lililoandikwa ukurasa wa pili.

Mapato ya pembeni nayataja haraka, kwa kuwa mengi yanatokana na jina, na jina hutokana na vitabu. Kutafsiri, kuhariri, kufundisha warsha, kuandika tamthilia ya redio au mswada wa filamu hulipwa kwa kazi iliyofanyika na hulipa mapema kuliko mrabaha. Weka bei kabla ya kukubali, hata kwa rafiki. Tuzo zimeongezeka, na nafurahi kwa hilo: Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023 na mshindi wa kwanza wa kila kipengele kupewa shilingi milioni 10; ile iliyoanza kutolewa 2015 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imekuwa ikitoa jumla ya dola 15,000. Shiriki kila mwaka, kwa sababu hata mswada usioshinda umesomwa na waamuzi wanaojua kazi. Usiiweke tuzo kwenye bajeti ya nyumba.

Kumbukumbu zako ziwe sahili lakini zisikatike. Daftari moja au faili moja la kompyuta lenye tarehe, kilichoingia, kutoka kwa nani, kodi iliyozuiwa, na kilichotoka kwa ajili ya uandishi: karatasi, intaneti, nauli ya utafiti, malipo ya mhariri. Kila mara unapokatwa kodi ya zuio, dai cheti chake kutoka kwa mchapishaji, maana bila cheti unaweza kujikuta unatozwa mara ya pili unapowasilisha ritani. Viwango vya kodi hubadilika kwa sheria ya fedha ya kila mwaka, kwa hiyo vikague kila Julai.

Limebaki jambo ambalo waandishi huliahirisha kuliko yote. Hakimiliki Kenya na Tanzania hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Mwenyewe alifariki Januari 2020. Tafsiri ya riwaya hiyo kwa Kiingereza ikachapishwa Marekani mwaka 2025, miaka 54 baada ya kitabu. Mtu anayetaka kutafsiri, kurekodi au kuigiza kitabu cha marehemu huanza kwa kumtafuta mrithi, na asipompata hukata tamaa au huendelea bila kulipa. Kwa hiyo chukua karatasi, orodhesha vitabu vyako vyote, mchapishaji wa kila kimoja, tarehe ya mkataba na mahali ulipowekwa, haki ulizobaki nazo, mwezi ambao taarifa ya mauzo huletwa, na akaunti inayopokea. Andika jina la atakayesimamia, ukimchagua anayejibu barua, hata kama si mtoto wa kwanza, na umwambie mwenyewe akiwa mbele yako. Kama una wosia, hakimiliki itajwe humo kwa jina, kama unavyotaja nyumba. Nakala moja ya karatasi hiyo ikae na mikataba nyumbani, ya pili kwa msimamizi uliyemchagua, ya tatu kwa mchapishaji, na kwenye hiyo ya tatu agonge muhuri wa kupokea.